Mguu uliotoa usaha hadi nilipofungwa pete za Ilizarov

Muundi wangu wa kulia ulivunjika kwa ajali ya bodaboda, mfupa ukachomoza nje. Niliwekewa bamba la chuma na skrubu. Kidonda kikafunga, kikafumuka, kikatoa usaha, kikafunga tena. Antibayotiki zilituliza wiki chache tu. Mwishowe eksrei ilionyesha mfupa haujaunga na skrubu zimelegea, na nyumbani watu wakaanza kuzungumzia kuukata mguu.

Daktari bingwa wa mifupa niliyepelekwa kwake kwa rufaa alinieleza jambo ambalo natamani kila mwenye tatizo hili alijue. Mfupa uliokufa hauna damu, na dawa husafiri kwa damu. Bakteria wakishajificha humo, na kwenye utando wanaoujenga juu ya chuma, unaweza kumeza vidonge mwaka mzima usiwafikie. Sharti mfupa huo na chuma vyote vitolewe. Alinisimamishia antibayotiki wiki 2 kabla ya upasuaji ili maabara iweze kuwatambua bakteria kwenye vipande vya mfupa.

Bamba likatolewa, mfupa mfu ukakatwa mpaka palipotoa damu. Likabaki pengo la sentimita 5. Mguu ukazungushiwa pete za chuma zilizoshikwa na nyaya zinazopenya mfupani, njia aliyoibuni Dkt. Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Kisha mfupa wenye afya ukakatwa karibu na goti. Hilo lilinitisha kuliko yote, lakini ndiyo siri yenyewe: kipande cha mfupa kilicho kati ya mkato huo na pengo hushushwa polepole kuliziba, na nyuma yake mfupa mpya unaota.

Baada ya wiki moja hivi kazi ikawa yetu nyumbani. Robo milimita kila tukigeuza nati kwa spana, mara 4 kwa siku. Ukiharakisha, mfupa mpya hauoti vizuri. Ukizembea, unaunga kabla kipande hakijafika. Mke wangu alitia rangi ya kucha upande mmoja wa kila nati, hivyo hata usiku kwa tochi tulijua tumefikia wapi. Yeye pia ndiye aliyesafisha matundu ya nyaya kwa maji ya chumvi, kila tundu na shashi yake. Tundu likiwa jekundu na kuuma tulikwenda kliniki siku ileile.

Nilikanyaga kwa magongo mapema, kwa maelekezo ya daktari, maana mfupa hukomaa ukibebeshwa uzito. Unyayo niliufunga mkanda usilegee na kuelekea chini.

Kushusha kipande kulichukua chini ya miezi 2. Kukomaa ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi, na humo wengi hukata tamaa wakaomba pete zitolewe. Msikubali kabla eksrei haijaonyesha angalau kuta 3 kati ya 4 za mfupa, zinazoonekana kwenye picha ya mbele na ya ubavuni, zimeunga. Na kabla ya kukubali kukatwa mguu, ombeni rufaa kwa bingwa anayeifanya njia hii.