Siku yangu kitaluni, meza ya mimea isiyopenda maji

Saa 1 asubuhi. Nimefika kitaluni, kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Mimi ni mgeni wa kazi, nimepewa mimea ya majani manono. Naingiza kidole kwenye kila kopo. Udongo ukiwa na unyevu, naruka. Leo nimeruka karibu yote.

Saa 2. Kukata. Wembe napitisha kwenye spiriti kwanza. Jani la ekeveria, ule mmea uliopanga majani kama waridi, sikati, nalitikisa taratibu kushoto na kulia mpaka ling'oke zima, maana chipukizi hutokea kwenye kitako chake. Likivunjika katikati, hupati kitu. Krasula, yenye vitawi na majani madogo mazito, haina usumbufu: tawi la urefu wa kidole, pukutisha majani ya chini, basi. Mnyaa ndio nauvalia glavu na miwani. Utomvu wake jichoni si mchezo.

Saa 4. Vyote kwenye trei kavu, kivulini. Havipandwi leo. Kidonda kikauke kwanza siku kadhaa, na kwa joto hili la pwani lenye unyevu hata wiki. Kikiingia udongoni kibichi, kinaoza.

Saa 5. Dada mmoja kaja na jani la mshubiri limefungwa gazetini.
"Kaka, hili nikilichomeka litaota?"
"Litaoza, dada. Ng'oa mtoto aliyeota ubavuni mwa mama yake, akiwa na mizizi."
Hakufurahi. Kanunua kopo la samadi tu.

Saa 8. Sanseveria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga. Jani moja linatoa vipande vinne au vitano, kila kimoja natia alama upande wa chini, kwani kikigeuzwa hakioti. Nikaunyooshea mkono mmea ule wenye majani ya kingo za njano, Mama mwenye kitalu akanizuia.
"Huo usiukate, mwanangu. Ukiuotesha kwa jani, watoto wanatoka kijani kitupu. Gawa shina la chini. Ile njano ndiyo bei."

Saa 10. Kupanda vilivyokauka wiki hii: mchanga mwingi, udongo kidogo. Mchanga wa mto, si wa ufukweni, maana huo wa ufukweni una chumvi.

Saa 11. Simu ya Mama inalia. Bwana harusi anataka vikopo 50 vya ekeveria vya kugawia wageni, Jumamosi hii. Jani huchukua miezi mpaka liwe mche wa kuuza.
"Baba, hongera sana," Mama anamjibu. "Hiyo sherehe ikisogezwa mwakani, tutaiweza."