Kompyuta iliyogoma baada ya kuwekewa kadi mpya

Jamani, leo tumehangaika! Mdogo wangu amedunduliza hela hadi akapata kadi ya picha, RTX 3060, ile inayochora picha za kwenye skrini ya kompyuta. Tumeifunga, ukibonyeza kitufe feni zinazunguka kidogo, kisha kimya. Fundi mmoja akasema mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua, inunuliwe nyingine. Nikakataa. Nikaichomoa kadi, kebo ya skrini nikaichomeka kwenye mazabodi yenyewe, ikawaka vizuri tu. Mazabodi iliyoungua haiwaki hivyo!

Tatizo lilikuwa umeme. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu, na kadi hii inakula 170. Zinazobaki hupita kwenye waya wake kutoka pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Pawasaplai ya dogo ilikuwa ya wati 300, wakati Nvidia, kampuni iliyobuni chipu ya kadi hii, wanashauri 550. Tumebadilisha, imewaka. Dogo kafurahi mno, nami pia.