Kutoka Minziro hadi Magamba, nikiufuata mti wa podo

Kabati la vyombo la marehemu babu, kule Bukoba, ni la mbao za podo. Nimekua nikilifuta vumbi kila Jumamosi. Mti wenyewe kwetu tunauita omusenene, na nilikuwa nimeuona mahali pamoja tu: msitu wa Minziro, mpakani na Uganda, ambako umesimama kwenye kinamasi na mafuriko ya mto Kagera huufikia shinani. Niliposikia kwamba una ndugu yake Usambara, juu kwenye baridi na ukungu, nilitamani kwenda kumwona kwa macho yangu.

Mombo nikashuka basi la Dar na kupanda gari la Lushoto: kona juu ya kona, maporomoko ya Soni yakipita dirishani. Kesho yake nikalipia kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000 zilizopewa hadhi hiyo mwaka 2010. Nikapewa mzee wa Kisambaa aniongoze.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umefuata vinyonga?”

“Nimefuata podo.”

Akanitazama, akatabasamu. “Mse,” akasema. “Hapa unaitwa mse.”

Tulitembea kwa muda wa karibu saa mbili ndipo tukafika kwenye mmoja mkubwa. Gome lake hubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, na chini yake rangi ni ya kahawia inayoelekea zambarau. Mzee akaokota tunda, akamenya ganda laini kwa kucha, likabaki kokwa gumu kama jiwe. Akaligonga kwenye panga: ko, ko. Ukitaka liote upesi, akaniambia, lipasue kidogo bila kujeruhi kiini. Ukiliacha lilivyo, utangoja sana.

Ukoo wa podo una aina zaidi ya 170, nyingi zikiwa kusini mwa dunia na kwenye milima ya Asia ya kusini-mashariki: New Zealand, Australia, New Guinea, Andes. Afrika bara imepata matawi mawili tu ya ukoo huo, na yote mawili yamo Magamba. Huu wa Usambara, ambao wataalamu wameupa jina la milima hii, unapatikana pia Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, lakini kwa vipande vipande vya misitu ya milimani, na umeorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Sababu naijua tangu utotoni, ipo sebuleni kwa babu: mbao nyeupe, iliyonyooka, isiyomsumbua fundi kwenye randa. Mtarakwa, mti mwingine wa mbao wa milima hii, nao uliponzwa na uzuri wake. Wajerumani walijenga hadi njia ya waya ya kuteremshia mbao zake kutoka Shume, juu milimani, hadi reli ya Mkumbara, chini bondeni. Sehemu kubwa ya Shume leo ni misindano na misaiprasi ya kupandwa, mistari mitupu.

Jambo lililonikaa moyoni alinieleza mzee wakati tunarudi. Mse ni kama mpapai, una dume na jike. Jike huzaa, dume hutoa vumbi, na upepo ndio mshenga. Kwa hiyo kusema “tumebakiza podo kumi” hakutoshi. Ni kumi zipi, na zimekaaje? Miaka yote nimesoma habari za upandaji miti, sijawahi kukutana na swali hilo.

Nje ya mpaka wa hifadhi tukapita shamba la mama mmoja, mahindi na maharage, katikati mse mmoja mzee ulioachwa kwa ajili ya kivuli. Nikainama kutafuta makokwa. Hakuna hata moja.

“Huo dume,” mzee akasema. “Majike wake walikatwa, mimi nikiwa kijana.”

Mama akaacha jembe, akatusogelea. Akasema msimu wake ukifika, vumbi la njano hutanda juu ya majani ya maharage, asubuhi ukipita linakushika miguuni.