Yale majedwali ya AO_ yameanza kueleweka

Leo nimeshinda ndani ya databesi ya Jira (programu ya kufuatilia kazi za mradi) na hatimaye majedwali ya plagini, yaani programu ya nyongeza, ya kupanga mahitaji ya mfumo yameanza kuniingia akilini, raha niliyonayo we acha tu. Watu wa QA, yaani wa kuhakiki ubora, wanataka orodha ya mahitaji ambayo hayana testi hata moja, na kwenye skrini ya plagini unapata mti mzima wa folda na mahitaji, kuchuja ni kazi ya macho, kwa hiyo SQL, lugha ya kuuliza databesi, ndo njia.

Plagini nyingi za Jira zinaweka data kwenye majedwali yanayoanza na AO_, halafu herufi 6 zinazotokana na hash (msimbo unaokokotolewa) ya utambulisho wa plagini, halafu ndo jina la jedwali. Mfano AO_60DB71_SPRINT ni sprinti, vile vipindi vifupi vya kazi, za upande wa Agile. Na majina yako kwa herufi kubwa, so kwenye PostgreSQL, databesi yenyewe, usipoyawekea alama za kunukuu anayashusha kuwa herufi ndogo, anakwambia jedwali halipo na wewe unaliona kabisa.

Kilichonifungulia njia ni seva ya majaribio. Natengeneza folda kwenye plagini, naipa jina zzmwembe, narudi kwenye SQL kutafuta limetua wapi. Naihamisha chini ya folda nyingine, naangalia kolamu gani imebadilika, basi huyo ndo mzazi. Kumbe plagini yetu inatunza mti tu! Maelezo ya hitaji yako kwenye jedwali la Jira lenyewe, jiraissue, uhusiano wake na testi uko jedwali la issuelink, kwenye kolamu za source na destination. Hata namba ya hitaji kama REQ-14 haikai nzima, tangu Jira 6.1 unaunganisha pkey ya jedwali la project (hiyo REQ) na issuenum ya jiraissue (hiyo 14).

Kweri yenyewe, yaani swali kwa databesi, ni WITH RECURSIVE (inayojirudia) ya kushuka mti, kisha LEFT JOIN kwenye issuelink, inayobakiza kila hitaji hata lisilo na kiungo, unabakiza zenye NULL, yaani zisizo na kitu. Hapa umakini unahitajika sana: sharti la linktype (aina ya kiungo) likae kwenye ON, sehemu ya kuunganisha majedwali, maana ukilipeleka WHERE, sehemu ya kuchuja matokeo, yale mahitaji yasiyo na testi, yaani yenyewe unayoyatafuta, yanapotea yote.

Natumia akaunti ya kusoma tu na naona kila mtu afanye hivyo. Jira ina kashe (nakala za muda) na indeksi yake ya kutafutia ya Lucene, ukibadilisha data kwa chini yenyewe haina habari, skrini inasema hiki databesi inasema kile.

Kesho naingia changegroup na changeitem, majedwali ya historia ya mabadiliko, nataka kujua ni mahitaji gani yamebadilishwa baada ya testi yake kuandikwa.