Usiandike "hakuna kitu"

Jana binti yangu alikuwa ananijazia fomu ya kliniki, maana miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani. Akafika kwenye swali: umewahi kuchukuliwa kinyama cha titi kwa uchunguzi? Ndiyo. Majibu yalikuwaje? Kabla sijafungua kinywa akawa anaandika, "Hakuna kitu." Nikamshika mkono. "Futa hilo, mama." Akashangaa. Miaka yote hiyo ni mimi niliyemwambia hivyo.

Nikajikuta nimerudi kwenye kile chumba. Nimelala chali, mkono wa kushoto juu ya kichwa, jeli ya baridi inanitambaa kwapani. Daktari amenidunga ganzi, imeuma kidogo kisha imenyamaza. "Utasikia mlio," akaniambia, "usishtuke." Akaifyatua ile sindano hewani kwanza ili niuzoee. Ta! Kama stepla kubwa. Nikadhani nimeuzoea, lakini ulipolia ndani ya titi langu, mwili mzima ulikakamaa, ingawa sikuumia hata kidogo. Nesi akaniwekea kiganja begani na hakukiondoa. Ta. Ta. Kila mara daktari alitumbukiza kitu kwenye kichupa cha dawa. Nikageuza kichwa nikakiona: kiuzi cheupe chenye doa la damu, kinazama taratibu, hakina haraka yoyote. Maisha yangu yote yaliyobaki nikaona yamo mle. Kiganja cha yule nesi kilikuwa cha moto. Hadi leo stepla ikilia karibu yangu, ni bega hilo linalokumbuka.

Siku za kungoja majibu sizisimulii. Daktari alisema, "Si saratani," nikaanza kulia kwa shukrani, na alipoendelea kuzungumza sikumsikia tena. Neno "lakini" tu ndilo nililolisikia. Karatasi nikaikunja, nikaiweka kabatini, ikakaa miaka minne.

Nilipoitoa, ilikuwa imeandikwa haipaplasia yenye seli zisizo za kawaida. Daktari mwingine ndiye aliyeketi nami akanifafanulia. Majibu ya "si saratani" hayafanani. Wapo wanaokutwa na vifuko vya maji tu, na hatari yao ya kupata saratani baadaye haipandi au hupanda kidogo sana. Wapo ambao seli zimezaliana kupita kiasi lakini sura yake ni ya kawaida. Hao hatari yao hukaribia mara mbili ya wanawake wengine. Halafu kuna sisi, ambao seli zimezaliana na sura yake imeanza kupotoka. Sisi ni kama mara nne. Akanitajia utafiti wa Mayo Clinic wa Marekani uliotoka mwaka 2005, wanawake zaidi ya 9,000. Na wa kundi langu waliofuatiliwa miaka 25, karibu 30 katika kila 100 walikuja kupata saratani. "Kwa hiyo 70 hawakupata," akasema, akanyamaza, akaniacha nizipime namba zote mbili.

Kilichonichoma ni kingine. Hatari hiyo, alisema, iko kwenye matiti yote mawili, si lile lililochomwa sindano peke yake. Na mimi miaka minne nilikuwa nalikagua la kushoto tu. La kulia sikuwahi hata kulifikiria.

Sasa napigwa picha ya matiti kila mwaka. Dawa ya kupunguza hatari, tamoksifeni, nimeelezwa faida zake na madhara yake, na bado sijakata shauri. Kuna usiku naililia ile miaka minne niliyoipoteza. Kuna usiku mwingine nakumbuka kwamba miaka ile nililala usingizi mzito, na sijui niseme nini juu ya hilo.

"Basi niandike nini?" binti yangu akauliza. Nikamtajia neno kwa neno, polepole. Kile kimstari cha fomu hakikutosha. Akageuza karatasi akaendelea pembeni, kwa herufi ndogo ndogo. Alipomaliza hakunirudishia kalamu. "Na yangu," akasema, "nitajaza vipi?"