Kahawa ya Baba haikuondoka, ilipoa tu

Baba mdogo alipofariki kwa saratani ya umio, jamaa walikata shauri kwamba Baba aache kahawa. Shangazi alifika nyumbani kwetu Bahati, akauondoa mkebe jikoni mwenyewe. Mzee aliyelima kahawa tangu ujana wake alikaa siku tatu bila kusema neno. Iliniuma sana, nikaanza kusoma.

Mwaka 1991 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limeitilia kahawa shaka kwa sababu ya saratani ya kibofu. Mwaka 2016 likaiondolea shaka hiyo. Hata ilionekana kwamba wanywaji hawapati sana saratani ya ini. Ila mwaka huohuo likasema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio. Nikakumbuka: baba mdogo hakupenda kahawa hata kidogo. Alikuwa mtu wa chai, na aliinywa ikifuka moshi.

Nilinunua kipimajoto cha jikoni mjini Nakuru. Kahawa ya Baba ikitoka kwenye birika hadi kikombe chake cha bati ilikuwa nyuzi 81, na hapo ndipo alipozoea kupiga funda la kwanza. Tulikaa naye tukiangalia namba zikishuka. Baada ya dakika kumi na kitu ikafika 60.

"Mama, hii si imeshalala?" akaniuliza.

"Onja tu, Baba."

Akaonja. Akasema leo ndiyo amesikia ladha ya kahawa yake.

Kuna jirani aliyetuambia kafeini inaamsha kinga ya mwili, kwa hiyo Baba aongeze vikombe. Msingi upo: uvimbe wa saratani hujaa adenosini, kemikali ya mwili inayoleta pia usingizi, nayo huzilegeza chembe za kinga, kafeini huziba vipokezi vya adenosini, na ndivyo inavyotufukuzia usingizi. Lakini hayo yameonekana zaidi kwa panya wa maabara, na sikukubali kikombe kigeuzwe dawa. Nilifanya kinyume. Nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na Baba alikuwa anakunywa hadi saa mbili usiku, kisha anakesha akikohoa na kusikiliza redio. Kinga inahitaji usingizi. Sasa kikombe cha mwisho ni saa nane mchana.

Juzi shangazi alikuja. Baba alimmiminia chai, akakifunika kikombe kwa kiganja chake.

"Ngoja kwanza, dada."

Wakangoja.