Dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Lisbon ni mji wa kupanda na kushuka. Leo asubuhi nimezunguka Alfama, chini ya ngome ya São Jorge, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hana budi kujibanza ukutani. Nguo zimeanikwa madirishani, bibi mmoja anabishana na jirani wa ghorofa ya pili, na harufu ya samaki wa kuchoma haikuachi. Tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, lakini Alfama ilinusurika kwa kiasi, ndiyo maana njia zake bado zinapinda kama za Mji Mkongwe, Zanzibar. Baixa, kule bondeni, ilijengwa upya kwa amri ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme: barabara zimenyooka, na kuta zilitiwa kiunzi cha mbao ndani ili zistahimili tetemeko jingine. Pazuri, ila nilipita haraka.

Haraka yangu ilikuwa ya kufika mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Mimi ni mtu wa Kilwa, na humo kuna kitu chetu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zake za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Ni dhahabu iliyokuwa ikitoka bara na kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliyoitajirisha Kilwa kwa karne kadhaa. Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe chombo cha kuonyeshea Ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, nacho ndicho hiki kilicho mbele yangu: mitume 12 wamepiga magoti, nguzo nyembamba zimepanda juu yao, rangi za kioo bado zinang'aa. Kwenye kitako pameandikwa kwamba kimefuliwa kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, yaani Kilwa kwa Kireno, kikakamilika mwaka 1506. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kilikuwa kimeiteka Kilwa na kuipora.

Nilisimama pale muda mrefu. Kazi ya fundi ni ya kustaajabisha, nami siwezi kuikana. Lakini nimekulia karibu na magofu ya Kisiwani, na hasira iliyonipanda ilikuwa ya haki.

Makumbusho yanapakana na Madragoa, mtaa wa ngazi na nyumba za vigae vya rangi. Zamani ukiitwa Mocambo, na wakazi wake wengi walikuwa Waafrika, watumwa na walio huru. Mbele kidogo ipo barabara ya Poço dos Negros, yaani Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, huyohuyo, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa.

Wageni wengi huenda Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, kupanga foleni kwenye kaburi la Vasco da Gama. Ndugu yangu utakayefika Lisbon, anzia Janelas Verdes, kisha tembea kwa miguu hadi Poço dos Negros. Si mbali.